Kuni za Msiba Wako

Shangazi,

Msiba wako umekwisha salama, ndivyo watu wanavyosema. Walikula, wakaota moto, wakarudi kwao Matai na mjini, na hakuna aliyelalamika. Haya nakuandikia wewe kwa sababu walio hai siwezi kuwaambia.

Kichaka cha korongoni hakipo tena.

Ulikufa Julai, na baridi yetu ya Julai unaijua. Siku ya pili ya matanga kuni zilikwisha. Baba Jeni, jirani yetu, akanifuata pale mkekani. "Pole sana mwanangu. Sasa tukate wapi?" Nililia tu, nikanyoosha mkono kule chini korongoni. Mkono tu, Shangazi. Vijana wakashuka na mapanga, na kufikia mchana kile kichaka ulichokilinda miaka yote, ukagombana hata na mumeo kwa ajili yake, kilikuwa marundo kando ya jiko. Nami niliuota moto wake. Nilikuwa natetemeka, nikasikia raha.

Unakumbuka siku ile tukiteka maji, siafu wakipita, ukanishika bega? Yule ndege mdogo, kichwa cha kijivu, tumbo la njano, doa jeupe mbele ya jicho, alikuwa akirukaruka chini mbele yao, akidonoa wadudu waliokuwa wakiwakimbia. "Tulia, mwenyeji anakula," ulininong'oneza. Ulimwita mwenyeji kwa sababu ulipoolewa hapa ulimkuta. Ukanieleza kwamba yeye ni wa kivulini, juani hatoki. Msitu wa Mbizi unaonekana pale ng'ambo, lakini katikati kuna mashamba ya mahindi, na mashamba havuki. Kwake ule msitu ni mbali kuliko Zambia ilivyo mbali kwetu.

Siku tatu baada ya kukuzika nilimwona juu ya kisiki, jua linampiga. Hakuimba. Akashuka chini ya tawi moja lililosahauliwa, akajikunyata hapo. Kesho yake hakuwepo. Nimekwenda kila asubuhi tangu siku hiyo, nasikia ng'ombe tu. Wanashuka mpaka kwenye maji sasa, hakuna cha kuwazuia.

Watu wananipa pole kwa ajili yako, nami naitikia. Naona aibu kila ninapoitikia. Sitaki kukudanganya kwamba miti itachipua upesi. Ng'ombe wakiiacha, labda itakuwa mikubwa nikiwa kikongwe. Na hata hapo, mwenyeji atatoka wapi?

Lala, Shangazi yangu. Ndege siwezi kukuahidi. Nimeanza kununua kuni za mkaratusi kule Milanzi, mzigo mmoja mmoja, nazipanga nyuma ya nyumba pasiponyeshewa. Wanangu wanadhani ni za kupikia, wanashangaa nikiwakataza kuzigusa. Ni za msiba wangu. Nakuahidi zitatosha, ili siku hiyo asiwepo mtu wa kumwuliza mtoto anayelia wakate wapi.