Mkanda Mdogo wa Harusi ya Khairiya

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Barua ya Khairiya imefika kutoka Maskati. Ijumaa ya wiki ijayo anakuja, yeye na bintiye. Miaka minane dada yangu hajakanyaga Mombasa! Nimemsomea Baba kwa sauti, naye amekinga mkono sikioni, ingawa alichopoteza ni macho, si masikio. Mwisho kabisa Khairiya ameandika: ule mkanda wa harusi yangu umeshautengeneza? Mwanangu anataka kumwona nyanya ambaye yeye amepewa jina lake.

Umeshautengeneza! Kama vile ni suruali ya kupunguzwa.

Kweli nina haya. Mimi ndiye Mejumaa wa video, Mji wa Kale wote wananijua. Harusi za watu zimenijaa kabatini. Na mkanda wangu wa kwanza kabisa, wa dada yangu wa tumbo moja, haujaonwa na mtu. Si mimi, si bibi harusi mwenyewe, si marehemu Mama. Miaka kumi!

Yote ni Jaffar, binamu yetu. Alikuja na kamera kutoka Dubai, na mashine yake ya Beta, ile ya kanda ndogo. Usiku wa kupamba bibi harusi, wanawake wako vichwa wazi, mwanamume haingii, basi akanifundisha mimi siku mbili: bonyeza hapa, usitikisike. Harusi ilipokwisha akarudi Dubai na kamera yake na mashine yake. Akatuachia mkanda. Tuliponunua video yetu ikawa ya kanda kubwa. Namwona Mama mpaka leo akiusukuma ule mkanda mdogo ndani ya mdomo mkubwa, umepwaya kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babake. Akasema basi, uweke, tutauangalia siku nyingine.

Siku nyingine. Mama alitutoka mwaka wa tisini na moja. Picha hakupenda. Tuna ile ya kitambulisho tu, na pale amekunja uso kama aliyeonja ndimu. Mama anayecheka, Mama anayetembea — yuko kwenye mkanda ule peke yake.

Jumanne, 6 Agosti

Nimefungua kasha la Mama. Udi, karafuu, harufu ya Mama nzima nzima! Nikakaa chini kidogo kabla ya kugusa kitu. Mkanda ulikuwa chini ya nguo, umefungwa kwa leso, fundo lake Mama mwenyewe. Nimechukua muda kulifungua. Sikutaka kulifungua.

Halafu nikauona. Kuvu. Nyeupe, kama unga, kingoni.

Nimezunguka Ndia Kuu yote kutafuta mashine ya Beta. Muuza vinyago mmoja amecheka, akaniambia mkanda huo nimwachie yeye auweke kando ya majambia, watalii watapenda. Nikaenda zangu. Fundi wa saa ndiye aliyenipa jina: nenda Majengo, kwa Kioko, yule hatupi kitu.

Alhamisi, 8 Agosti

Kioko anayo! Iko chini ya redio sita na feni mbovu, na inazunguka. Mkamba mrefu, mpole, mikono inanuka spiriti. Aliinua kile kifuniko kidogo cha mkanda, akautazama kama daktari anavyotazama ulimi. Akasema: Dada, huu utacheza mara moja tu. Nitausafisha, lakini ukipita kwenye kichwa cha mashine utapukutika. Kwa hiyo siku hiyo hiyo tuunakili kwenye mkanda mkubwa, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama. Niachie, uje Jumamosi.

Nikaurudisha kwenye mkoba.

Nimemweleza. Ndani mna wanawake sitini wa watu, nywele nje, mabega nje, wanacheza. Siku ile niliwaambia, chezeni, hataona mwanamume. Wengine wamekufa. Wengine ni nyanya sasa. Ile ni amana, na mimi chakula changu nakila kwa sababu watu wanajua Mejumaa hafichui.

Kioko amejikuna kichwa. Fundi asiyetazama atatengeneza nini? Mashine ni kuukuu, picha itakuwa inakimbia, lazima nione ili nirekebishe.

Nikasema basi, nautia tena kashani. Nilisema kwa hasira.

Mkewe, Rispah, alikuwa mlangoni anaambua mbaazi. Hakuinua hata kichwa. Kioko, si ugeuze televisheni, akasema.

Wanaume wana shida gani!

Ijumaa, 9 Agosti

Baba ameniuliza, sauti ya mamako imo? Imo, nikamwambia. Basi mimi nitilie kwenye kaseti, akasema, hizo picha angalieni nyinyi. Redio yake iko kwenye mto, analala nayo kama mtoto. Sauti haina neno. Vugo, ngoma yetu ya pembe, hupigwa hata barabarani, kila mtu akasikia.

Nakumbuka vizuri nilivyompiga picha Mama. Alitoka kati na pembe yake na kijiti. Nilianza usoni, nikashuka, nikapanda. Yote nimeyachukua. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini lakini mkono wangu ulikuwa tayari mkono wa kazi.

Jumapili, 11 Agosti

Nimerudi. Niandike kabla sijapika.

Kioko alitoka kanisani moja kwa moja, shati bado la kanisani. Televisheni imetazama ukuta. Baina ya kioo na ukuta tumekaa mimi na Rispah, magoti yamebana. Kioko upande wa pili na bisibisi, anaona mgongo wa televisheni tu. Ameunga nyaya hadi kwenye mashine yangu ya kanda kubwa niliyokuja nayo, akabonyeza.

— Niambie unachoona.

— Chenga.

— Za juu au za chini?

— Chini. Sasa mistari. Imelala. Inasimama... rudi kidogo, rudi! Hapo!

Hapo, ya Rabbi! Khairiya. Miaka kumi na tisa, shingo nyembamba, macho chini, hina hadi viwikoni. Nikasahau kusema. Kioko akawa anauliza, sasa? sasa? Rispah ndiye aliyemjibu: sasa ni mzuri mpaka basi.

Saa nzima nimekaa hivyo, nikimwambia fundi chenga na mistari huku machozi yanashuka. Wale wanawake! Wembamba ambao siku hizi wameota matumbo, mahasimu walioshikana mikono, marehemu wanaokula sambusa. Rispah kila mara ananiuliza, mama yako ni yupi? Namwambia bado, yuko jikoni, Mama siku zote alikuwa jikoni.

Halafu pembe zikaanza. Kijiti juu ya pembe, ta-ta, ta-ta. Nikamwambia Rispah, sasa. Mama akaingia kwa mgongo, mbali, anasogeza watu. Nikangoja ageuke.

Picha ikaanguka.

Sakafu. Ukingo wa mkeka. Pembe zinalia, vigelegele vinalia, na mimi nina mkeka!

— Kioko, picha imeanguka! Zungusha!

— Sasa?

— Bado.

— Sasa?

— Bado! Zungusha, umesimama nini?

Rispah akanishika goti. Dada, akasema polepole, si mashine. Kamera iko chini.

Hapo nikakumbuka. Yote, kwa mara moja. Mama alipotoka kati nilitaka kumtunza pesa. Mtoto gani anakaa, mamake anacheza? Niliweka kamera kwenye mkeka, nikachomoa noti kifuani nikaenda. Kigelegele kile cha juu kabisa, kinachopasua masikio, ni changu.

Miguu yake ikaja mbele ya kioo. Mitupu, hina, na pindo la nguo — rangi yake imeliwa na kuvu, kijivu tu. Ikacheza. Halafu ikaja miguu yangu. Ikasimama mbele ya yake. Na sauti yake, karibu kama yuko chumbani, inacheka:

— Mejumaa! Mashine umemwachia nani?

Kioko hakuuliza tena. Mkanda ulipokwisha alifungua mashine, mna unga wa kahawia. Ameukusanya kwenye karatasi, akanipa. Sijui kwa nini. Nimeupokea.

Jumatatu, 12 Agosti

Mjinga. Mjinga mimi! Nyuso za mama za watu mia nimezihifadhi, wa kwangu nimemwekea mkeka.

Nitamwambia nini Khairiya?

Jumatano, 14 Agosti

Kioko amenitilia kaseti ya Baba, televisheni imezimwa, upande mmoja, vugo tu. Hakutaka kupokea kitu. Rispah ameniambia nisihuzunike, miguu ile ilikuwa na furaha. Nimecheka bila kutaka.

Baba alilala chali, redio kifuani. Pembe zilipoanza vidole vyake vikaanza pia. Halafu Mama akaimba. Mimi Jumapili sikuyasikia maneno, nilikuwa ninapigizana kelele na fundi. Leo nimeyasikia:

Leo natoa mwanangu, kwa furaha na heshima,
Aliyenivika nguo, yu nje amesimama.

Wanawake wanapokea, wanacheka, mmoja anasema wee! Vidole vya Baba vikatulia. Nikadhani amelala.

Rudisha, akasema.

Nikarudisha. Mara tatu.

Halafu akaniambia kwamba ni kweli. Usiku ule alisimama nje, chini ya dirisha, mpaka miguu ikamuuma. Alijua zamu ya Mama itafika, alitaka amsikie. Lakini pembe zilikuwa nyingi, hakuambulia neno. Wala Mama hakumwambia. Miaka mitano wameishi pamoja baada ya hapo, na hakumwambia! Mwanamke yule, akasema Baba, na akafuta macho yasiyoona.

Akaniuliza, na huko kwenye video, ile nguo inaonekana?

Inaonekana, nikasema.

Ijumaa, 16 Agosti

Jaffar, ambaye siku hizi amerudi kukaa hapa (mashine yake aliiuza huko huko Dubai), ameenda uwanja wa ndege kumpokea Khairiya. Nimepika, nimefagia, nimeuweka mkanda mkubwa juu ya televisheni. Kisha nikautoa. Kisha nikauweka tena.

Baada ya Alasiri nilishindwa. Nikaenda kwa Baba nikamwambia. Hamna uso, Baba. Hamna nguo. Niliweka kamera chini nikaenda kumtunza. Atakayeuona ataona miguu. Mtoto ametoka Maskati kuja kuona miguu!

Nikalia, mtu mzima.

Baba amengoja nimalize. Halafu amepapasa akanipata mkono.

— Mwanangu, ndoo hapa karibu. Una kalamu?

Kalamu ninayo, na kitabu hiki. Amenitaka niandike vile vile anavyosema:

— Hariri. Rangi ya samli. Nalimnunulia mimi hapa Ndia Kuu, akanambia yang'ara mno kwa mama wa bibi harusi. Nikamwambia vaa. Kitwani ushungi mwembamba, lakini huko ndani aliuvua, namjua. Nywele alisuka njia mbili. Kikuba alikitia kushoto, asumini na rehani, akanambia ninuse, nikanusa. Mkono wa kulia wa nguo ulimzidi, akaukunja, akatia pini. Ile pini ilimchoma akanilaumu mimi! Pua yake waijua. Alipocheka ilikunjika hapa, kama ya Khairiya.

Naandika upesi. Baba hasiti hata kidogo. Mato yangu ni mabovu kwa nyinyi, amesema, yule namwona.

Gari limesimama chini. Honi. Ni Jaffar! Nimetaka kuinuka, Baba hajaniachia mkono, bado anaendelea, amefika kiunoni, amefika kwenye pindo. Hapo akakwama. Paji lake limekunjana.

— Miguuni sijui. Viatu alikwenda kuvaa mlangoni. Sikumbuki alivaa vipi.

— Hakuvaa, Baba. Alikuwa miguu mitupu. Hina imepanda hadi kwenye vifundo, na kidole kidogo cha kushoto kimempanda mwenziwe.

Baba akacheka. Kwa sauti! Kidole kile, akasema, kidole kile!

Khairiya ameita jina langu kutoka chini. Namsikia mtoto anahesabu vidaraja vya ngazi. Wanapanda. Baba amejikalisha vizuri kitandani, amevuta kofia, ameniambia nisogeze kiti cha mtoto karibu yake.

— Haya, tuanze tena. Toka kitwani. Wewe ngoja zamu yako miguuni.