Apige aseme nini

Shatha, mie nimekwisha. Nimejifungia chooni hapa ukumbini Madungu, sijui nitatokaje.

Ule mradi niliopewa kwenye mafunzo ya uongozi pale idara ya ustawi wa jamii, wa namba ya simu ya bure kwa watu wenye ulemavu, leo ndio nimeuzindua. Nikasimama na mbwembwe zangu, "Ukiwa na shida, we piga tu."

Bi Afra akanyanyuka, yule fundi cherehani kiziwi, hasikii wala hasemi. Akaashiria kwa mikono, binti yake akatutafsiria.

"Mama anauliza, apige aseme nini?"

Apige aseme nini, Shatha. Nikaacha kipaza sauti mezani, nikakimbilia huku.

Mwaka mzima nafundishwa kuwa kiongozi ni kusikiliza watu, na sikumuuliza kiziwi hata mmoja.

Sasa mkurugenzi wetu ananipigia. Nipokee niseme nini?