Kikosi Chako cha Fainali

Shamba la Tollefson,
Rice Lake, Wisconsin.
Jumanne, 30 Desemba 2025

Mpendwa Nolan,

Hujambo mwanangu? U mzima huko chini ya maji? Wanakulisha? Picha yako ya mwisho ilinitia wasiwasi, umebaki shingo tupu. Barua hii itakusubiri Guam mpaka nyambizi yenu itakapotia nanga, basi ukiisoma jua kwamba tumeuaga mwaka salama.

Sisi huku tu wazima. Ziwa limeganda sawasawa, magari yanapita juu yake bila hofu. Goti langu linauma kama kila msimu wa baridi, na daktari bado anasema nipunguze siagi. Sijapunguza.

Najua macho yako yanaruka mistari kutafuta habari moja tu. Tulia. Mimi niliteseka siku zote hizo, na wewe uteseke kidogo.

Uliponiachia timu yako ya fantasi ya mpira wa Kimarekani kwenye ligi ya ukoo, uliniambia, "Shangazi, kazi nyepesi hiyo. Wachezaji ni wa kweli, sisi tunawachagua tu, wakicheza vizuri uwanjani tunapata pointi." Kazi nyepesi! Tangu mtoano uanze usingizi umenipaa. Nimefuatilia vifundo vya miguu vya vijana nisiowajua kuliko ninavyofuatilia presha yangu mwenyewe.

Ingekuwa ni kombe tu, ningelala. Lakini bingwa wa ukoo ndiye anayechagua kwanza wiki yake kwenye nyumba ya babu pale ziwani, na likizo yako wewe ni wiki ya kwanza ya Julai, basi. Marehemu mama yako alifungia ndoa pale, na wewe umeapa hutaoa pengine. Brenna, mchumba wako, alikuja Krismasi, akaniuliza kikosi kikoje kabla hata hajavua koti. Binti wa watu amekonda kwa mawazo.

Na fainali tukakutana na nani? Baba yako. Lyle yule yule ambaye hajalitaja jina lako tangu uache ng'ombe wake ukaenda jeshini. Wiki hiyo ya Julai huwapa rafiki zake wavuvi. Siku ya Krismasi nilimwomba, nikamwambia Lyle, mwachie mtoto, ni harusi. Akaendelea kukata nyama. "Sheria ni sheria, LaVonne. Akiitaka wiki, anifunge." Nilitamani kummwagia mchuzi kichwani.

Wewe ulikuwa umeniachia amri moja: Dupree nisimguse, awe kikosini mvua inyeshe jua liwake. Mkimbiaji mzuri na mpira mkononi, sikatai, lakini wiki nzima alikuwa anachechemea. Jumamosi wakatangaza kwamba huenda akacheza. Mimi nikasikia atacheza. Nikamwacha kikosini, nikalala kwa amani, mjinga mimi.

Hukunifundisha, Nolan, kwamba orodha ya mwisho ya wasiocheza hutoka Jumapili asubuhi, wakati watu wa Mungu tuko kanisani. Baada ya ibada nilikuwa zamu ya jikoni kule chini, nageuza lefse, zile chapati zetu za viazi, mikono imejaa unga, simu iko ndani ya koti. Mechi zinaanza saa sita kamili, na zikianza jina halibadiliki tena. Ilikuwa imebaki robo saa nami naimba.

Mara mlango ukafunguliwa, akaingia baba yako. Unajua jiko lile la kina mama. Hata mchungaji hubisha hodi akabaki kizingitini. Ardis akamnyooshea mwiko.

"Lyle, umepotea njia? Kahawa iko kule nje."

"Sijafuata kahawa." Uso umemwiva hadi masikioni. "LaVonne, Dupree hachezi leo. Toa simu."

Nilikimbilia koti, nikaangalia, kweli. Kwenye benchi ulikuwa na wakimbiaji wawili, yule mkongwe uliyemsajili wewe, na Whitlow, kijana niliyemwokota mimi alipoachwa na kila mtu. Nikamuuliza baba yako nimwingize nani.

"Usinichekeshe. Mimi ni mpinzani wako."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Akageuka, akatoka. Ardis alikuwa ananihesabia dakika kwa sauti, kana kwamba ananisaidia. Unga ulijaa kwenye kioo, simu ikawa haisikii kidole, nikaifuta kwa aproni, nikamweka Whitlow. Zilibaki dakika mbili. Lefse ziliungua, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenilaumu.

Jioni baba yako alikuwa anaongoza. Jana mechi ya mwisho ilipomalizika nilihesabu mara tatu kwa sababu sikuamini. Tumeshinda, mwanangu! Tumeshinda kwa pointi nne, na Whitlow peke yake alituletea kumi na moja. Brenna alilia kwenye simu mpaka nikalia na mimi. Wiki ya kwanza ya Julai ni yenu.

Leo asubuhi Lyle alikuja akitoka kukamua, akasimama mlangoni na mabuti yake. Nikamwambia kaka, ungenyamaza tu jikoni pale, ungekuwa bingwa. Kwa nini?

"Ningemshinda nani? Pengo la Dupree? Nilitaka kumfunga yeye, akiwa kamili."

Akavuta kofia, akaangalia ng'ambo ya barabara. Kisha akaniambia, "Ukimwandikia, muulize kama kwenye harusi hiyo baba mtu anaruhusiwa."

Nolan, sikumjibu. Nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza, kwa kuwa hilo si la shangazi. Yuko nyumbani kila siku baada ya kukamua, na namba yake haijabadilika.

Ardis na kina mama wote wa jikoni wanakusalimu, na mjomba wako Verlyn, na Brenna ambaye salamu zake sizibebi mimi, atazileta mwenyewe. Mungu akutunze huko kwenye giza la maji na akurudishe kwetu ukiwa na afya na akili timamu. Kula vizuri.

Wako akupendaye,
Shangazi LaVonne