Moyo wa Mama Yake Kabula

Geita, Jumatatu

Masanja wangu, mume wangu, sukari ya chai yangu,

Pokea salamu za mkeo anayelalia shati lako la kazini ili asikie harufu ya stesheni. U mzima? Kikohozi kimepoa? Unakula, au mtaa mzima wa Ngokolo unakupikia kwa kumhurumia bwana arusi aliyeachwa peke yake? Mwili wangu mzima, ila leo mapenzi yatangoja, maana nina hofu kubwa juu ya mwanetu.

Kabula hali chakula. Tangu nihamishiwe shule hii nimempa kila asubuhi vile vidonge vya utulivu ulivyopewa na daktari mgeni wa Mwanza. Sikatai, vimemsaidia. Aliyekuwa akikimbilia relini sasa anakaa darasani, ameandika jina lake lote bila kuinuka. Wageni wakija anapiga magoti mpaka salamu zote za Kisukuma ziishe, nao wananisifu mimi kwa malezi. Nilifurahi, Masanja. Lakini gauni tulilomshonea kwa harusi yetu linamning'inia, usingizi hapati, na jana akitoka kuteka maji alikaa chini njiani, akashika kifua. Akaniambia, "Mama, kuna kuku anapiga mabawa humu ndani."

Mama mdogo wa marehemu mkeo, anayeishi kijiji cha pili, alikuwa amekuja kututembelea. Alimtazama mtoto midomo, akanivuta pembeni, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu! Mama yake huyu naye alianza hivi hivi."

Akanieleza kwamba marehemu tangu usichana hakuweza kupanda kilima bila kupumzika, na siku alipoanguka shambani kwenye pamba alikuwa amejishika kifua. Nikamwambia sisi nyumbani tunajua alirogwa.

"Walisema alirogwa. Mimi nilikuwa naye. Ulikuwa moyo."

Hapo nikakumbuka ulivyonisimulia wakati wa uchumba wetu. Daktari, kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, alikuuliza, "Mama ya mtoto alikuwa na moyo mbaya?" Ukakasirika, ukamjibu kwamba hajazaliwa mwanamke mwenye moyo mzuri kama ule. Mpenzi, siku ile ndipo nilipokupenda kabisa. Nilijua mtu anayemtetea marehemu namna hiyo hataniaibisha mimi nikiwa hai. Kumbe mwenzetu alikuwa anauliza ugonjwa! Akaridhika kwamba moyo ulikuwa mzima, akakupa vidonge.

Leo asubuhi mganga wa zahanati amemsikiliza kifua. Amesema vidonge vya aina hii, hata vikimtuliza mtoto, huuendesha moyo mbio, na wa Kabula tayari unakimbia. Nisimpe tena mpaka daktari aliyevitoa aambiwe ukweli. Basi sikumpa. Mchana akaruka dirisha la darasa, nikamkuta anarukaruka ukingoni mwa shimo lililoachwa na wachimba dhahabu. Sasa nimemfunga na mimi kwa kanga, kiuno kwa kiuno, anavyovuta ndivyo mwandiko unavyopinda. Nikimpa naogopa. Nisipompa naogopa. Masanja, nimechanganyikiwa.

Alhamisi nampeleka Mwanza, mwalimu mkuu ameniruhusu. Barua hii nampa dereva wa lori la pamba akuletee mkononi. Kwa jinsi unavyonipenda, panda treni tukutane hospitalini. Daktari ataniuliza marehemu aliumwaje, nami sikumjua. Na ndugu zake wakisikia mke mpya amekwenda hadi Mwanza kusema marehemu alikuwa na moyo mbaya, nitaishi nao vipi? Wewe ndiye uliyeishi naye.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu, mwambie mkwewe anamwombea. Msalimie shemeji yangu mdogo, na Mama Zuhura jirani yetu, anayekuuzia maandazi, asikuzoeshe sana.

Ukifika mbele ya daktari, mpenzi, safari hii usimtetee. Moyo wake ulikuwa mzuri, najua, namwona Kabula. Lakini mwambie ulikuwa mbaya.

Mkeo anayekungoja,
Suzana