Usifute ya kwenye kifuniko

Mwanangu, nimeenda kazini. Chai iko kwenye chupa; mkate wa mdogo wako usiuguse.

Asubuhi nimefungua tairi la nyuma la pikipiki, nipake grisi meno ya shafti, kile chuma kinachozungusha tairi, kama marehemu baba yako alivyozoea. Nimeshindwa kumaliza, malizia wewe. ~~Futa grisi yote ya zamani.~~ Hapana. Ndani ya kifuniko cha shafti kuna alama ya kidole chake, imekauka kwenye grisi vilevile alivyoiacha. Nilishika kitambaa, mkono ukagoma. Paka meno tu, kifuniko ukirudishe kilivyo, na usijitie ufundi.

Alama kama hiyo alikuwa akiiacha kila siku kwenye swichi ya taa, nami nikimgombeza. Zile nilizifuta zote.

Mama