Fizikia na Mapenzi ya Mungu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, wifi yangu na watoto wote, nikimwomba Mwenyezi Mungu barua hii iwakute wazima. Sisi huku tunamshukuru. Mgongo unanisumbua nikishamaliza kupiga pasi, lakini nguo za watu hazisubiri mgongo upone, na dobi wetu bado anatupa kazi.

Ujumbe wako kuhusu ile kazi ya dukani uliyomtafutia mpwa wako nimeupata, na nakushukuru kwa moyo wote. Umesema udaktari ni wa wenye alama, na aliyepata D ya fizikia ashukuru akipata kaunta ya kusimamia. Sikukasirika, kaka. Hata mimi nilisema hivyo hivyo moyoni siku matokeo yalipotoka. Wenzangu kazini walimpachika jina la Daktari tangu yuko shule ya msingi, na baada ya matokeo yale jina likageuka mzaha. Akiniletea chakula cha mchana, yule mzee wa kufua hushika kiuno na kumwomba dawa ya kupunguza uzee. Mtoto humjibu kwamba dawa hiyo imekwisha, wazee wenzake wameimaliza. Wote wanacheka, naye anacheka. Lakini akifika nyumbani anafungua kitabu cha fizikia kama mtu anayefungua kesi.

Aliomba vyuo vitatu vya udaktari. Viwili havikujibu hata salamu. Cha tatu kikamwita kwenye usaili, na alama zile zile! Nilipiga magoti palepale kati ya vikapu vya nguo, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka dobi wetu akauliza nani kaungua na pasi.

Sasa acha nikuchekeshe kidogo. Kwenye fomu ya maombi kulikuwa na swali linalomtaka aeleze kwa nini alama zake ni za chini. Yeye alitaka kueleza mambo yalivyokuwa. Mimi nikasimama nyuma ya kiti chake nikamwambia mambo ya ndani hayatembezwi kwa wageni, aandike kwamba ni mapenzi ya Mungu, basi, maana sentensi hiyo hakuna mwalimu atakayethubutu kuitia kosa. Akaandika kwa kunitii.

Siku ya usaili alirudi akaketi juu ya kikapu cha nguo, viatu vya kuazima mkononi, akanisimulia yote. Walikuwa wanaume wawili na daktari mmoja wa kike, miwani ameipandisha kichwani. Mmoja wa wale wanaume alisoma jibu langu kwa sauti, akauliza Mungu ana ugomvi gani na fizikia, mbona biolojia kamwachia B. Wakaangua kicheko. Mpwa wako naye akacheka nao, halafu akawaambia sentensi ile ni ya mama yake. Yeye anaamini kazi ya Mungu mwaka ule ilikuwa kumwacha hai, na fizikia aliifeli mwenyewe kwa sababu alikuwa kitandani wenzake wakiwa darasani. Hapo kicheko kikakatika, wakamtaka aeleze aliugua nini.

Kaka, hapa kalamu inanilemea. Nimeshika simu mara nyingi nikuambie, nikaishia kuuliza kama mvua imenyesha kwenu. Ugonjwa ule haukuwa kichomi kama nilivyokuambia. Ulikuwa kifua kikuu. Kilimkondesha mtoto mpaka sketi ya shule ikawa inafungwa kwa pini. Alimeza dawa miezi sita, na mtihani aliufanya katikati ya dawa hizo, mezani peke yake karibu na dirisha.

Na kikohozi chake kilianza likizo ile mlipokuwa kwetu, wakati mwanao Chiriku alipolala naye kitanda kimoja wakigombea blanketi. Mlipoondoka ndipo nikampeleka kliniki. Muuguzi alinipima nikaonekana mzima, akauliza nani mwingine amekaa na mgonjwa. Nikasema hakuna. Mtoto alipopata nafuu akaniuliza kama nimemwambia mjomba wake. Nikasema ndiyo, wamepimwa wote, wazima.

Niliogopa utasema nimekuharibia watoto. Niliogopa majirani, na niliogopa watakaokuja kumposa siku moja. Badala ya kuwaambia, nikawa nawaombea kila asubuhi, kila mtoto kwa jina lake, nikajidanganya kuwa maombi yametosha. Mungu hakuniambia ninyamaze, kaka. Niliamua mwenyewe, kisha nikamsingizia Yeye.

Yule daktari wa kike alimuuliza mpwa wako kama wote waliokaa naye walipimwa. Akajibu ndiyo, bila wasiwasi, kwa kuniamini mimi. Basi akiwa pale kikapuni, bado anatabasamu, akaniuliza Chiriku alipewa vile vidonge vya kinga wanavyopewa watoto waliokaa na mgonjwa, au hakupewa. Na wewe ulikuwa umenipigia wiki ile ukasema Chiriku anakohoa na dawa za kifua hazimsaidii. Nikalia tu, na kwa kilio kile akaelewa.

Hakunipigia kelele, na heri angenipigia. Aliviweka viatu chini, akasema kesho atarudi chuoni kuwaambia kwamba jibu lake halikuwa kweli. Nilimsihi, kaka. Nilimwambia alama zake zenyewe zinachechemea, asiuvunje na mguu uliobaki. Akaniambia kwamba alama atazirudia, lakini hawezi kuingia udaktari kwa jibu ambalo mtoto anakohoa nalo. Asubuhi akavivaa vile viatu, akaenda.

Daktari alimsikiliza wamesimama ukumbini. Akauliza umri wa Chiriku, akasema watoto wote wapimwe wiki hii hii, wasingoje. Kuhusu nafasi ya chuo hakusema neno. Majibu yatatoka mwisho wa mwezi, na kama amejiharibia kwa ukweli wake, sijui. Ninachojua ni kwamba ameshajiandikisha kuurudia mtihani wa fizikia, darasa linaanza Jumatatu, na amesema wakimkataa mwaka huu watazoea sura yake.

Anayekukabidhi barua hii ni yeye mwenyewe. Najua umeliona begi ukafurahi ukidhani amekuja kuanza kazi. Hakuja kwa ajili ya kaunta, kaka. Begi lina nguo za siku mbili na kitabu. Kesho asubuhi mkabidhi watoto, Chiriku awe wa kwanza, awapeleke kliniki. Na wewe na wifi mwongozane nao. Msiogope. Ugonjwa huu una dawa na unapona. Yeye mwenyewe ameshapona, hana cha kuwaambukiza, mkumbatieni tu. Akikuuliza maswali mengi kuhusu homa na jasho la usiku, mjibu kama unayemjibu mkubwa wako.

Hasira uliyo nayo ni haki yako, na ni yangu mimi, usimpe yeye hata kijiko. Niandikie yote, sitajitetea. Nitaendelea kuwaombea, ila safari hii maombi yameletwa na miguu.

Mpe wifi salamu zangu na msamaha ninaouomba kwake. Watoto wabusu kwa niaba yangu. Na Jumamosi jioni usimzuie, hata akikupikia vizuri kiasi gani. Ana fizikia.

Ni mimi mdogo wako,
mama wa huyo uliyemfungulia mlango.