Ruhusa ya Disketi

Garsen, Jumatano, Septemba 1998

Itangazwe kutoka Kipini hadi Bangale: leo Halima, karani wetu wa ofisi ya mifugo, ameruhusiwa kufungua disketi bila kunipigia magoti.

Linux, programu inayoendesha kompyuta ya ofisini, ilimtii mkuu wake tu, na mkuu ni mimi. Jana nilikuwa mazikoni Wenje, nenosiri kichwani mwangu, na huku disketi ya orodha ya ng'ombe wa kuchanjwa imefika kutoka Hola. Nilirudi nikiwaza mifugo iliyorudishwa malishoni bila sindano.

Leo nimeshinda na kitabu. Kumbe kwa mashine hii hata kisoma disketi ni faili tu, lenye mwenyewe na kikundi chake cha wenye ruhusa! Nikamtia Halima kikundini. Spika za mashine nazo je, zina kikundi? Kesho nitachungulia.

"Ahsante, mzee," akasema. "Ila jana wote walichanjwa."

"Ulifunguaje?"

"Penye nenosiri nilijaribu Dalati, mara moja tu. Kutwa unamsifu ng'ombe wako huyo."

Ukweli ndio huo. Nimemruhusu leo alichokwisha fanya jana. Angeweza kufuta mashine nzima. Alisoma disketi, akatoka.

Nenosiri nimebadilisha. Si jina la ndama wa Dalati, ingawa nilikaribia.